Nilimfungulia mwizi kufuli kwa mkono wangu, kisha nikanyamaza wiki saba

Wakuu, salamu kutoka Nyamira, huku baridi imetushika na mvua haikatiki.

Mimi ni nyanya wa watu, mwalimu mstaafu. Mjukuu wangu ndiye aliniingiza humu, na kwa kawaida huwa nasoma tu napita.

Lakini juzi niliona uzi wa kijana mmoja anauliza aweke CCTV au electric fence kwa nyumba yake huko Kisii mjini. Mwingine akamjibu kwamba zamani watu walilala milango wazi na hakuna kitu kiliibwa. Hiyo comment nimeisoma mara tatu.

Mimi ni Msabato, siapi. Ila haya yalinipata mwenyewe, na nilichobadilisha ni majina peke yake, kwa sababu watoto wa watu bado wako.

Niliolewa Ikonge miaka ya sitini ikielekea mwisho. Kwa kweli yule aliyesema milango ilikuwa wazi hakudanganya. Nilikuta hivyo.

Ukitoka kwenda shambani ulikuwa unaegemeza mti mlangoni. Mtu akifika akiona ule mti anajua wenyewe hawako, anageuza. Huo mti haukuwa na nguvu ya kuzuia hata mbuzi.

Moto ukikuzimikia jikoni, ulikuwa unaingia kwa jirani unachukua kaa la moto unaondoka, awe yuko au hayuko. Akirudi akiona majivu yamechokorwa, anajua ni wewe.

Kisha majani chai yakaanza kuleta kitu kidogo nyumbani. Nyasi zikatoka juu ya nyumba, mabati yakaingia. Huyu akanunua redio, yule akanunua blanketi nzito, mwalimu wetu akanunua karabai, ile taa ya kupiga pampu, akawa anaiwasha hata majirani wanakuja kuikodolea macho.

Hapo ndipo watu walianza kuwa na kitu cha kuibiwa.

Mume wangu Makori alikuwa karani kwenye duka moja Kisii mjini. Alikuwa anakuja nyumbani mara moja kwa wiki mbili. Mimi nilibaki na mama yake, Bosibori, na mtoto wetu wa kwanza, Kemunto, aliyekuwa hajatimiza mwaka.

Siku moja Makori alinunua cherehani. Aliileta imefungwa gunia, akaiweka kwenye meza karibu na dirisha la nyuma, akaniambia nijifunze kushona sare za shule. Nilikuwa na furaha kama mtoto.

Kabla ya kurudi kazini alimwita Onchari.

Onchari alikuwa binamu yake, boma lake liko mwendo wa kupasha chai moto kutoka kwetu. Mtu mpole, sauti ya chini, mrefu, haongei sana. Nilipoletwa pale kama bibi arusi, yeye ndiye alisaidia kukandika jiko langu. Makori alimwambia mbele yangu, "Mimi niko mbali. Hii nyumba nakuachia wewe." Onchari akasema sawa, ndugu yangu.

Basi wizi ukaanza.

Ulikuwa unatokea Jumamosi, mchana, saa ambazo sisi sote tuko kanisani. Kwanza redio ya mtu mmoja karibu na barabara. Baada ya wiki chache, blanketi za mjane mmoja. Kisha ile karabai ya mwalimu.

Hakuna kilichovunjwa. Mtu alisogeza mti, akaingia, akatoka, akauegemeza tena vizuri mahali pake. Hilo ndilo lilitutisha zaidi. Aliyeingia alikuwa ananijua, anakujua, anajua wimbo wa mwisho unaimbwa saa ngapi.

Watu wakaanza kuangaliana vibaya. Ukikohoa kanisani watu wanageuka kuhesabu nani hayupo.

Halafu likaja la Bibi Nyanchama. Alikuwa mzee sana, mguu mbaya, Jumamosi hiyo alibaki nyumbani. Watu wa kwake waliporudi walimkuta chini, mkono umevunjika, kichwa kimefunikwa gunia. Alisema mtu alimfunika kutoka nyuma, hakumwona. Wanaume walimbeba kwa machela hadi zahanati, na Onchari alikuwa mmoja wa waliobeba.

Bibi hakuchukua muda. Tulimzika.

Baada ya hayo mazishi Ikonge ilibadilika. Makori alileta kufuli kutoka mjini, na sikuwa peke yangu, boma baada ya boma likawa na kufuli. Mama mkwe aliiangalia ile yetu ikining'inia akaniuliza, "Sasa mimi nikitaka chumvi nifanye nini?" Hakuwa anatania. Aliumia. Mimi nilivaa ufunguo shingoni kwa uzi, chini ya nguo.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa.

Jumamosi moja Kemunto aliamka na joto. Nilienda naye kanisani hivyo hivyo, lakini akawa analia mpaka watu wanageuka. Nikamnong'oneza mama mkwe kwamba naenda nyumbani. Ilikuwa kama saa tano asubuhi, jua kali, njia yote haina mtu. Mashamba ya chai kila upande, kimya kabisa.

Nilifika nikakuta kufuli iko mahali pake. Nikafungua.

Ndani kulikuwa na mwanga mwingi kuliko kawaida. Niligundua kwa nini nikiwa nimeshaingia hatua mbili. Ubao wa dirisha la nyuma ulikuwa umeng'olewa wote, umewekwa chini taratibu.

Onchari alikuwa amesimama karibu na meza. Alikuwa ameifunga cherehani kwa blanketi langu, anakaza fundo.

Wakuu, mimi sikupiga kelele. Watu hudhani mtu hupiga kelele. Nilimkumbatia mtoto nikamwangalia tu.

Yeye naye hakushtuka. Alilifungua lile fundo pole pole, akarudisha cherehani mezani, akaisogeza mpaka ikakaa pale ilipokuwa. Akalikunja blanketi. Kisha akanikaribia, akaweka kiganja kwenye paji la uso la mtoto wangu.

"Mtoto ana joto," akasema. "Mtunze."

Nilimgeuzia mtoto bega la pili.

"Shemeji, hukuniona. Mimi napita hapa kila siku."

Alisema hivyo kwa sauti ile ile ya kuomba maji. Akatoka kwa mlango niliomfungulia mimi, akaenda zake mikono mitupu, mchana, kama mgeni aliyeshiba.

Nilikaa chini nikafikiria Bibi Nyanchama na lile gunia. Kumbe mikono iliyombeba ni hiyo hiyo.

Jioni alirudi na nyundo. Alimwambia mama mkwe kwamba amepita nyuma ya nyumba akaona ubao wa dirisha umelegea, ni hatari siku hizi. Akaupigilia misumari. Mama mkwe akamshukuru, akampa uji wa wimbi. Mimi ndiye niliagizwa nimpelekee kibuyu.

Na hivyo ndivyo wiki saba zilianza.

Alikuwa anakuja kila siku, kama alivyosema. Analeta kuni, anauliza habari za Makori, anakunywa uji, anacheza na mtoto. Kila akimshika Kemunto nilikuwa natafuta kisingizio cha kumchukua. Hakunitishia tena hata kwa neno moja. Hakuwa na haja.

Nilianza kumbeba mtoto hata nikienda chooni. Nikiwa nachuma chai nilikuwa namfunga mgongoni badala ya kumwacha kivulini na wenzake, mpaka wanawake wakanicheka. Maziwa yalipungua. Chakula kilikuwa hakishuki.

Makori alikuja mara tatu katika muda huo. Mara zote tatu nilijiambia leo nitasema. Na mara zote tatu Onchari alifika kwanza kumsalimu, wakakaa wakacheka, nikaona jinsi mume wangu anavyomwangalia huyo mtu. Nikajiuliza, nikisema, nani ataaminiwa? Mimi mgeni wa miaka miwili, au damu yao? Na je, akiamini, kisha arudi kazini Jumatatu, nani atabaki na mimi?

Nikawa najiambia pia kwamba labda ameacha. Kwa sababu kweli, wizi ulikuwa umetulia.

Ikafika siku ya soko.

Tulikuwa tumebeba ndizi, mimi na mama mkwe. Tukakuta watu wamejaa upande wa mafundi, kelele haina mfano. Kulikuwa na fundi mmoja anaitwa Ogeto, kijana wa kutoka Magwagwa, aliyekuwa anazunguka masoko akiziba sufuria na kutengeneza taa. Mwalimu alikuwa amepita pale akaona karabai yake kati ya vitu vya fundi. Aliitambua kwa alama aliyoikwaruza mwenyewe kwenye tangi.

Watu wakamvamia Ogeto. Hakuna kesi iliyosikizwa. Alikuwa wa nje, ana taa ya wizi, na sisi tulikuwa tumezika mtu.

Nilimwona akiwa tayari chini. Damu inatoka sikioni. Alikuwa anajaribu kusema kwamba taa aliletewa na mtu asubuhi ile aitengeneze.

Na kila akifungua mdomo kusema huyo mtu anafananaje, teke la Onchari linafika kwanza.

Hakuna mwingine aliyeliona hilo. Kwa wengine Onchari alikuwa na hasira kama wao. Mimi nilikuwa naona mtu anaziba tundu.

Kuna mtu alikuwa ameshaenda kutafuta mafuta ya taa. Nilimsikia akiulizia chupa.

Onchari aliinua macho akaniona. Aliniangalia, kisha akaangalia mgongoni kwangu, pale mtoto alipokuwa amelala.

Nataka niwaambie ukweli wote. Niligeuka kuondoka. Nilipiga hatua kadhaa kabisa. Sijui ni nini kilinishika, sitaki kujipamba hapa, nadhani ni sauti ya yule kijana. Alikuwa ameacha kujitetea, anaita mama yake.

Nikamshika mama mkwe mkono nikamwambia, "Mama, si yeye."

"Unajuaje?"

"Aliyeingia kwetu nilimwona."

Bosibori aliniangalia usoni. Hakuuliza ni nani. Alitua kikapu chake cha ndizi chini, akapita kati ya wale wanaume akiwasukuma kwa viwiko, akaketi kwenye matope karibu na Ogeto. Akakichukua kichwa cha yule kijana akakiweka mapajani mwake.

Ukitaka kumpiga Ogeto sasa ilikuwa ni lazima umguse mama wa watu, mzee, mama wa rika lote lile. Mikono ikashuka.

Akasema, "Mke wa mwanangu ana neno. Msikilizeni."

Wakuu, nilimkaza mtoto mgongoni nikaanza. Nililitaja jina lake. Nikasema siku, saa, dirisha, cherehani na blanketi. Nilisema vibaya, narukaruka, lakini nilisema.



Onchari hakukimbia. Alitabasamu kidogo, akawageukia watu. Akauliza kwangu kumeibiwa nini. Watu wakanigeukia. Nikasema hakuna.

"Mmesikia," akasema. "Mwanaume aingie nyumba ya mwanamke mchana, atoke bila kubeba kitu. Alikuwa amefuata nini? Na huyu alinyamaza wiki ngapi? Muulizeni."

Niliona nyuso zikibadilika. Hata wanawake niliochuma nao chai walishusha macho. Kwa maneno machache tu mimi ndiye nilikuwa mshtakiwa.

Ni mama mkwe aliyejibu, bado amekaa chini, bado amekishika kile kichwa.

"Alinyamaza kwa sababu ulikuwa unakunywa uji kwangu kila siku," akasema. "Nilikuwa najiuliza mbona huyu msichana anakonda ukija. Sasa nimejua."

Mwalimu, yule mwenye karabai, akasema basi jambo ni rahisi, twendeni tukaangalie kwa Onchari. Wakaenda kundi zima.

Walipofika mke wake, Nyaboke, alikuwa anaanika wimbi. Hawakumuuliza kitu. Alisimama, akajipangusa mikono, akawaonyesha darini. Redio ilikuwa huko. Blanketi za mjane zilikuwa huko, na shuka ya Bibi Nyanchama.

Nyaboke alisema, "Nilijua. Nami nilikuwa naogopa."

Hayo nilisimuliwa, sikuwepo. Lakini hiyo sentensi yake naijua kama ninavyoijua sala.

Walipogeuka kumtafuta Onchari, hayupo. Alitembea nao karibu njia yote, kisha akapinda kwenye mashamba ya chai na hakuna aliyemwona tena. Wengine walisema yuko Kericho, wengine wakasema alivuka mpaka akaenda Tanzania. Polisi walikuja wakaandika, wakaenda.

Mtadhani hapo nilipumua. Hapana.

Sasa alikuwa hajulikani aliko. Kabla ya hapo nilikuwa najua anakuja saa ya uji. Baada ya hapo kila saa ilikuwa yake. Mpaka miaka ya sabini inaisha, nikisikia hatua za mtu anayetembea pole pole nyuma ya nyumba, nilikuwa nasimama.

Makori alikuja mbio alipopata habari. Alikaa kitandani akaniuliza swali moja tu, kama yale aliyosema Onchari sokoni yana ukweli. Nikamwambia hapana. Akasema sawa. Hakuuliza tena mpaka anaingia kaburini, lakini mimi sikusahau kwamba aliuliza.

Tulitia vyuma madirishani. Tukapanda ua wa miiba kuzunguka boma, tukafuga mbwa wawili wakali. Majirani nao hivyo hivyo. Watu wakaanza kusimama nje ya lango kupiga hodi, na kila nyumba ikawa na kiberiti chake. Hakuna aliyetangaza kwamba mambo yamebadilika. Siku moja tu niligundua kwamba ni miezi hakuna mtu ameingia jikoni kwangu kuchukua moto.

Kitu cha mwisho, kisha nawaachia.

Ogeto alipona, lakini sikio moja lilikufa kabisa, na mkono mmoja ukawa haunyooki, kazi ya ufundi ikamshinda. Karibu mwaka baadaye nilimwambia mama mkwe nataka kwenda Magwagwa kumwona. Akanipa kuku nimpelekee.

Nilimkuta kwao anapalilia mahindi. Alinikaribisha vizuri, mama yake akanipa kiti. Nilimwambia nimekuja kuomba msamaha kwa sababu nilijua mapema na sikusema. Nikamweleza nilivyokuwa naogopa, mtoto, mume yuko mbali, yule mtu anakuja kila siku.

Alikuwa amenigeuzia lile sikio zima ili anisikie. Alisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza.

Akasema, "Mama Kemunto, nimekusamehe. Lakini wewe ulikuwa unaogopa mtu mmoja. Mimi niliogopa soko zima."

Nilikaa kidogo, nikaaga, nikarudi kwa miguu.

Nilifundisha miaka mingi baada ya hapo, na sikuwahi kumwambia mtoto yeyote kwamba zamani hakukuwa na wezi. Nilichokuwa nawaambia ni hiki, na ndicho nawaambia nyinyi humu. Weka kufuli, weka hiyo CCTV, siwakatazi. Lakini ukimjua mtu mbaya, sema siku hiyo hiyo, hata kama sauti inatetemeka, hata kama ni wa ukoo. Tafuta mtu mmoja tu wa kumwambia. Mimi nilikuwa naye, tulikuwa tunalala boma moja, na sikumwambia mpaka damu ikamwagika.

Na ukiona kundi linampiga mtu, angalia ni nani hataki huyo mtu aongee.

Najua kuna watu humu watasema mimi nilikuwa mwoga. Semeni tu, nimeshajiambia mara nyingi kuliko mtakavyoniambia. Lakini kwanza mtu aniambie ukweli, wewe ungekuwa mimi, na yule mtu ameweka kiganja kwenye paji la uso la mtoto wako, ungesema siku ya ngapi?